Diski ya picha ijiunganishe yenyewe kompyuta ikiwaka

Kaka, nimekuelewa: studio yako hapo Ngamiani, umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya Linux inawaka ila diski ya picha haionekani mpaka uiunganishe kwa mkono. Dawa ni mstari mmoja kwenye faili /etc/fstab, yaani orodha ya diski ambazo Linux huziunganisha inapowaka.

Fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika lsblk -f upate UUID (namba ya pekee ya kuitambulisha diski) na aina ya mfumo wake wa faili, mfano ext4 au ntfs. Jina kama /dev/sdb1 usilitumie. Ukichomeka flashi linaweza kubadilika. Tengeneza folda ambamo diski itaonekana kwa sudo mkdir -p /mnt/picha, weka nakala ya faili kwa sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.bak, kisha sudo nano /etc/fstab na uongeze chini:

UUID=namba-yako /mnt/picha ext4 defaults,nofail 0 2

Hiyo nofail usiisahau hata kidogo. Bila hiyo, siku diski haijachomekwa kompyuta itasubiri weee, halafu ikutupe kwenye hali ya dharura, na mteja wa picha za pasipoti amekaa kwenye benchi anakutazama. Ikiwa diski ni ya ntfs, andika ntfs-3g badala ya ext4 na umalizie 0 0.

Usikimbilie kuzima na kuwasha. Piga sudo systemctl daemon-reload ili faili isomwe upya, kisha sudo mount -a kujaribu kuunganisha diski papo hapo. Ikilalamika, rekebisha kwanza.

Diski ikianza kugonga-gonga, hilo si suala la fstab: ichomoe, mpelekee fundi wa kuokoa data.