Wapiga mishale wanachelewa kutoka: shida ni foleni

Ndugu, umesema kwenye Age of Empires II, ule mchezo wa vita wa kompyuta, unabonyeza wapiga mishale 10 kwa mpigo na bado adui anakukuta huna jeshi. Tatizo ni hiyo foleni. Uwanja mmoja wa mishale, jengo linalowazalisha, hutoa askari mmoja kila sekunde 35, kwa hiyo wa kumi anatoka baada ya karibu dakika 6. Ila mali inakatwa palepale: mbao 250 na dhahabu 450 zimelala tu. Weka wawili kwenye foleni. Mbao za wale wanane ni 200, na uwanja wa pili unajengwa kwa 175. Uliokwisha kuwapanga, wafute, mali yako itarudi yote.

Halafu usiache kuzalisha wanakijiji, tafadhali. Wengi wetu tunasahau hapo. Mwanakijiji ndiye anayekusanya mali; ni chakula 50, na bila yeye viwanja hata vitano vitakaa vitupu.

Dhahabu ikikauka, zalisha askari wa mikuki: chakula 35 na mbao 25, na farasi wa adui wanawahofia kweli. Bendera ya askari hao wa mikuki, yaani alama ya mahali wanapokwenda wakitoka, ipige kando ya wakata miti wako, maana ndiko wapanda farasi hupenda kuvamia.