VPP au Horst linki? Niulize mimi niliyetembea kwa miguu kutoka Kibosho

Juzi chalii mmoja wa Arusha kanitumia meseji usiku, anasema kaka nimedunduliza hela miaka miwili nataka fulu saspensheni yangu ya kwanza, yaani baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma, kuna mgeni anauza VPP na kuna jamaa anauza Horst linki, aina mbili za saspensheni ya nyuma, nichukue ipi? Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nikashtukia saa saba usiku bado naandika, maana ameshika palepale panaponiuma. Nikaona bora niweke hapa wote msome.

Mimi natembeza wageni kwa baiskeli hapa Moshi, Uru, Materuni, Kibosho, kote huko. Miaka ya mwanzo nilikuwa na baiskeli ya shokapu la mbele tu, halafu mgeni wangu mmoja akimaliza safari akaniuzia VPP yake kwa bei ya kuelewana. Jamani ile baiskeli ilikuwa tamu, sitawadanganya. VPP ina linki mbili fupi zinazoshika mkono wa nyuma, ule unaobeba tairi, moja juu na moja chini karibu na krenki, na zinazunguka kila moja kwa upande wake, kwa hiyo ukikanyaga pedeli mvuto wa cheni unazuia nyuma isididimie. Kupanda kutoka mjini mpaka Kibosho wenzangu walikuwa wananiona mgongo tu. Nilijiona nimefika.

Halafu ikaja masika. Ile linki ya chini imekaa palepale tope la tairi linapotua, na tope letu la huku kwenye migomba mnalijua. Watengenezaji wenyewe, kwa mfano Santa Cruz, wameweka nipeli ya kupigia grisi kwenye linki ya chini, sasa mimi hiyo nipeli sijawahi kuigusa, kila jioni naipeleka wanapoosha bodaboda inapigwa maji ya presha inang'aa, kumbe presha inasukuma maji mpaka ndani ya beringi. Hakuna aliyeniambia.

Mwezi wa tano nashuka na wageni wanne, nikaanza kusikia nyuma inasaga, mara tairi linacheza kushoto kulia, mara bolti ya linki ikakatika. Nikawakabidhi wageni kwa mwenzangu, mimi nikabeba baiskeli begani nikashuka nayo kwa miguu na mvua juu. Kampuni iliyokuwa inanipa kazi haikuniita tena. Hata simu ya kuuliza kilichotokea haikupigwa, na miaka mitatu niliwafanyia kazi bila mgeni wao hata mmoja kulalamika. Bado inaniuma.

Fundi wangu alivyoifungua akaniambia, "Mangi, hizi beringi zimekufa zote na mjini hapa hupati." Na kweli nilizunguka maduka ya spea za pikipiki yote, 6202 zipo, 6301 zipo, lakini za kwenye linki ni nyembamba, namba za 6900 au 6902 huko, na zile nzuri gololi zimejazwa mpaka zimebanana kwa sababu linki haizunguki mzunguko mzima, inatikisika palepale tu na mzigo wote unakaa sehemu moja. Nikaagiza nje. Wiki sita.

Wiki hizo sita rafiki yangu aliniazima baiskeli ya zamani ya mkono mmoja, yaani nyuma yake ni kama bodaboda, mkono wote unazunguka kwenye kiungo kimoja, beringi mbili basi. Kwenye kupanda ilikuwa inabonyea, na breki ndio tatizo lenyewe, kalipa, kile kinachobana breki, imefungwa kwenye mkono huohuo kwa hiyo ukibana kwenye mawe nyuma inakaza na tairi linarukaruka. Lakini wiki sita za tope haikunisumbua hata siku moja!

Baadaye VPP nikaiuza nikachukua Horst linki, na ndiyo ninayo mpaka leo. Jina limetoka kwa Horst Leitner aliyeibuni, kampuni ya baiskeli ya Specialized wakanunua hataza yake, yaani haki ya ubunifu, 1998, na ilivyoisha Marekani 2013 kampuni nyingi zikaingia, ndio maana mitumba yake ipo ipo. Ina kiungo cha ziada kwenye bomba la chini la mkono wa nyuma, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo breki haiko tena kwenye mkono mkuu na nyuma inaendelea kufanya kazi hata ukibana. Sasa hapa fungueni macho, zipo zinazofanana nayo kabisa kwa mbali lakini kiungo kimewekwa juu ya ekseli, kwenye bomba la juu. Hiyo ni mkono mmoja imevaa linki, tairi bado linafuata kiungo kimoja. Sio mbaya, ila usilipe bei ya Horst linki.

Vijana wenzangu tunapenda majina. Tunaangalia video za watu wanaoendesha sehemu ambazo duka la beringi liko mtaa wa pili, halafu tunakuja kuumia sisi huku. Nasema tena, anza na beringi. Uliza ziko ngapi, namba gani, utazipata wapi mwezi wa nne. Usipige presha kwenye viungo, ndoo na brashi vinatosha.

Kwa hiyo dogo wa Arusha, nenda kaziangalie zote mbili. Nyanyua baiskeli kwa siti, tikisa tairi la nyuma kushoto kulia usikie kama linacheza. Halafu muombe muuzaji ufungue bolti mbili za shokapu, chomoa, uuzungushe mkono wa nyuma taratibu juu chini kwa mkono wako. Ukisikia chembechembe kama mchanga, hela ya beringi zote itoke kwenye bei yake, akikataa mwachie.