Nina miaka 15 na sijawahi kujifunza kucheza, nianze na staili gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Morogoro, sijawahi kufundishwa kucheza popote, ni harusini na sebuleni tu. Shule zikifungwa naenda Dar kwa mama mdogo na jirani na kwake kuna darasa la hip hop na la salsa. Rafiki yangu anasema nianze na ballet kwa sababu ndo msingi wa zote, ila mi nnachokipenda ni amapiano na singeli. Mwili wangu mgumu, vidole vya miguu sivifikii nikiinama, na nikirukaruka sana goti linauma kwa chini. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo ya ballet kuwa msingi wa zote maana naisikia kila nikipokea wanafunzi wapya na inawapotezea watoto muda na hela ya wazazi. Ballet ni msingi wa ballet, na inasaidia sana kwenye dansi za jukwaani zinazofanana nayo, basi. Imekulia kwenye majumba ya wafalme huko Italia na Ufaransa na kazi yake yote ni kuupeleka mwili juu, mgongo umenyooka, magoti yamekazwa, mchezaji aonekane kama hana kilo hata moja. Sasa mwangalie Mmakonde anavyocheza sindimba, au Wasukuma kwenye bugobogobo na majembe yao mkononi: goti limekunjwa, kiuno kiko huru, mguu unaikanyaga ardhi na uzito wote unashuka chini. Hip hop nayo inashuka, amapiano inashuka. Kwa hiyo mtoto aliyekulia kwenye ngoma na harusi zetu hajaanza sifuri, tayari ana nusu ya kitu ambacho ballet itamwambia akiache mlangoni.

Mimi ndo kitu cha kwanza nachoangalia kwa mwanafunzi mpya, uzito wake unapenda kwenda wapi. Jipime mwenyewe leo hii hapo nyumbani. Weka wimbo wa amapiano, simama miguu upana wa mabega, legeza magoti, halafu dunda kwenda CHINI kila biti kwa dakika tatu bila kuongeza stepu yoyote wala mikono. Wengi wanadunda kwenda juu bila kujijua, wanainua visigino, na ndo maana wakiiga stepu inaonekana kavu hata kama miguu imepita sehemu sahihi. Ukimaliza weka salsa uhesabu kwa sauti 1-2-3 unatulia kwenye 4, 5-6-7 unatulia kwenye 8, unahamisha uzito mguu hadi mguu. Ule wimbo ambao dakika tatu zimeisha hujaangalia saa ndo wako, na kwa ulivyoandika nahisi najua ni upi.

Kuhusu singeli nikwambie ukweli, naipenda mno, ni muziki wetu wa Manzese na Tandale na umefika mpaka Ulaya, ila kwa kuanzia ni mgumu kwa sababu ya spidi. Amapiano inatembea kama biti 110 hadi 115 kwa dakika, singeli inapita 200 kirahisi, na mwili ambao haujazoea ukikutana na spidi ile unakaza vigimbi na mabega halafu unaanza kurukaruka tu, ndo hapo na goti linapouma. Ukitaka kuicheza saa hizi usifukuzie kila biti, shika moja ruka moja, utajikuta uko kwenye spidi karibu na ya amapiano na kiuno kinapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Hilo darasa la hip hop, kabla hujalipa uliza ni hip hop ipi, maana jina ni moja vitu ni vingi. Kuna breki, yaani breakdance, ilozaliwa Bronx kule New York miaka ya 1970, ndo ile iliingia Olimpiki ya Paris 2024, ina kazi nyingi ya sakafuni na inakula vifundo vya mikono na mabega, ukiwa huna nguvu ya kupiga pushapu kumi anza na hizo pushapu kwanza. Kuna poping na loking za California, unakaza misuli ghafla na kuachia, au unafunga mkao palepale. Halafu kuna lile darasa ambalo mwalimu anapanga stepu za wimbo mmoja mnazikariri mnajirekodi mnaenda nyumbani. Hilo la mwisho linafurahisha ila mwanafunzi mpya anatoka na wimbo mmoja kichwani na mwili uleule. Tafuta mwalimu anayetumia muda mwanzoni kuwadundisha tu, bila stepu. Nenda ukakae pembeni siku moja uangalie, mwalimu mzuri hakatai.

Salsa sikukatazi, ila inachezwa kwa kushikana, na madarasa mengi ni ya jioni na ya watu wazima. Kama hakuna kundi la umri wako subiri kwanza, na ukienda nenda na mama mdogo, na mtu akikushika usivyopenda una haki ya kusema hapana katikati ya wimbo na kutoka.

Ugumu wa mwili usikunyime usingizi. Umri wako mifupa inarefuka na misuli inabaki nyuma, ndo maana ya nyuma ya paja inavuta ukiinama. Jinyooshe baada ya kucheza ukiwa na joto, sekunde 30 kila mguu, usijivute ukiwa baridi. Goti ndo nataka ulisikilize vizuri. Maumivu pale chini ya pia ya goti, kwenye kinundu cha mfupa, ni kawaida sana kwa vijana wanaokua na kuruka, msuli wa paja unavuta sehemu ambayo bado haijakomaa. Punguza kuruka, vaa raba zenye soli laini, na ukifika darasani angalia sakafu kabla ya kioo: marumaru juu ya zege haibonyei hata kidogo na mshtuko wote unarudi gotini, mbao ni bora zaidi. Likivimba, likikuamsha usiku au ukaanza kuchechemea, nenda hospitali, usisubiri likizo iishe.

Basi ningekuwa mimi ningechukua hip hop kama mwalimu wake anafundisha kudunda, amapiano nifanye mwenyewe nyumbani kila siku dakika 20, na nisibadilishe mpaka miezi mitatu ipite, ukirudi Morogoro uendelee na hizo dakika 20. Ukija kugundua ngoma ndo zinakuita kabisa, TaSUBa, chuo cha sanaa pale Bagamoyo, wanazifundisha kama fani, hilo ni la baada ya shule.

Na ukijifunza stepu kwenye simu, angalia kwanza maandishi ya kwenye fulana ya mchezaji, yakiwa yanasomeka kinyumenyume video imegeuzwa, mguu unaouona wa kulia ni wa kushoto.