Kiolezo cha barua pepe kinavurugika kila bei ikibadilishwa

SWALI: Habari za kazi, kaka. Niko Iringa, kwenye kampuni ya kutembeza wageni. Tunawatumia wateja barua pepe za matangazo ya safari za Ruaha na Isimila. Kiolezo nilikiandika mwenyewe kwa HTML: kwenye kompyuta picha mbili zinakaa sambamba, kwenye simu moja inashuka chini ya nyingine. Sasa mwenzangu wa mapokezi akikifungua kubadilisha bei za msimu na kuhifadhi, kwenye simu picha zinabanana, na kwa bosi anayetumia Outlook kitufe cha “Weka nafasi” kinapoteza umbo. Nirekebishe wapi kwenye msimbo?

JIBU: Nzuri, dada. Kwa maelezo yako, msimbo ulikuwa sawa mpaka ulipofunguliwa, kwa hiyo anza kuangalia kihariri, yaani programu ambayo mwenzako anakifungulia kiolezo. Vihariri vingi vya kuburuta na kudondosha haviishii kubadilisha tarakimu za bei. Vinasoma HTML yote, vinaielewa kwa namna yake, kisha vinaiandika upya wakati wa kuhifadhi. Kisichoeleweka kinatupwa, na dalili zako mbili zinaonyesha hasa kilichotupwa.

Tuanze na kitufe. Outlook ya kawaida ya Windows, tangu toleo la 2007, huchora barua kwa injini ya Word, ndiyo maana waandishi wa barua pepe huiwekea maelekezo yake peke yake kati ya <!--[if mso]> na <![endif]-->. Kwa kihariri hayo ni maoni ya pembeni tu, na maoni hufutwa. Ushauri wangu ni kupunguza kuyategemea: jenga kitufe kama seli ya jedwali, rangi iwe kwenye bgcolor ya <td> na nafasi ya kupumua iwe kwenye padding ya <td> hiyohiyo. Kwenye Outlook hiyo pembe hazitakuwa za mviringo, lakini kitufe kitabaki kitufe hata mtu akisafisha maoni yote.

Picha ni habari nyingine. Mpangilio wako wa simu bila shaka uko kwenye @media (kanuni zinazofanya kazi skrini ikiwa ya upana fulani) ndani ya <style>. Programu nyingi za kutuma huhamishia CSS (amri za mwonekano) ndani ya tagi mojamoja, lakini @media haiwezi kukaa ndani ya style="". Ikifutwa <style>, simu inapokea mpangilio wa kompyuta. Hata ikibaki, kanuni iliyo ndani ya tagi ina nguvu kuliko iliyo kwenye <style> kule juu, kwa hiyo kila kanuni ya simu iishie na !important. Tena, Gmail ikikuta kosa ndani ya <style> inaweza kuitupa yote, na mgeni anayesoma akaunti isiyo ya Gmail kupitia programu ya Gmail kwenye simu hapati @media kabisa. Hapo ndipo ninaposisitiza: usiutegemee mpangilio huo peke yake. Kila safu ipe display:inline-block, width:100%, max-width:280px, na skrini ikiwa nyembamba safu zitashuka zenyewe bila amri yoyote. Outlook ya Windows haielewi max-width, hivyo hapo tu jedwali la [if mso] bado linahitajika.

Lakini dada, marekebisho haya yote yataliwa tena mwezi ujao kama mwenzako ataendelea kupewa kiolezo kizima. Anachohitaji ni bei, tarehe na picha. Tafuta kwenye programu yenu sehemu ya kiolezo kilichoandikwa kwa mkono, uweke alama sehemu zinazohaririwa. Kwenye Mailchimp (programu ya kutuma barua pepe za matangazo), kwa mfano, ukiandika <td mc:edit="bei_ruaha">, yeye atafunguliwa maandishi ya seli hiyo tu, mifupa ya barua haigusi. Mwelekeze pia abandike kwa Ctrl+Shift+V, maana bei zilizonakiliwa kutoka Word huja na fonti na tagi zake zote.

Faili mama weka nje ya programu, kwenye Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) au hata folda ya ofisi yenye tarehe kwenye jina. Mwenzako akishahifadhi, toa HTML kutoka kwenye programu na uilinganishe na faili mama ndani ya VS Code, programu ya kuandikia msimbo ambayo huonyesha tofauti mstari kwa mstari. Tofauti ziwe za bei na picha tu. Ukiona mstari wa @media au [if mso] umepotea, barua isitoke.

Mwisho, angalia ukubwa. Gmail hukata barua ikipita takribani kilobaiti 102 za HTML, na tagi za Word zinazorundikana kila mwezi hufikisha huko upesi, nacho kiungo cha kujiondoa kinachokaa chini kabisa ndicho kinachofichika. Jaribio la kwanza tuma kwa simu yako na kwa kompyuta ya bosi, kabla bei za Juni hazijawafikia wageni.