Bibi Yetu Hana Mwaka wa Kuzaliwa

SWALI: Shangazi, asalaam aleikum. Bibi yetu mzaa mama alitutoka mwezi uliopita hapa Tororo. Hitma ya arubaini imekaribia, na wajomba wamenipa mimi kazi ya kueleza maisha yake. Nimeandika "alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mpenda watu" nikakwama. Hata mwaka aliozaliwa hatuujui; kitambulisho kinasema 1 Januari 1940, na sote tunajua ni wa kukisia. Nianzie wapi?
Mjukuu, Tororo

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Poleni sana, Mungu amrehemu bibi.

Nami nilisimama hivyo hivyo kwenye matanga ya bibi yangu, Walukuba, Jinja. Nikasema alikuwa mkarimu. Watu wakaitikia "kweli", basi. Kisha akainuka mama mmoja muuza samaki wa Masese, akasema: "Huyu alikuwa akipima mukene, dagaa wa ziwani, kwa kopo la maziwa lililopinda ukingo. Likijaa, anaongeza gao moja. Ukiwa na mtoto mgongoni, magao mawili. Mwaka 1987, pesa za Uganda zilipobadilishwa, mia ikawa shilingi moja na asilimia 30 ikakatwa juu yake, akiba yake yote ya kwenye mkebe ikabaki ya kununulia sukari. Kesho yake nilikwenda kununua. Aliongeza gao." Uwanja mzima ulilia. Mimi, mjukuu niliyelala kitanda kimoja naye miaka tisa, sikuwa najua habari hiyo, na inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usikae na karatasi. Nenda sokoni alikonunua, nenda kwa jirani aliyeazimana naye chumvi, na kwa wazee waliomwita kwa jina la utotoni. Waulize alikuwa akifanya nini kwa mikono yake, na alisema nini akikasirika. Wa kwangu alikuwa akisema "haya, jua ni lenu", anaingia ndani, anafunga mlango. Jioni anatoka na chai.

Kuhusu mwaka, tarehe ya kitambulisho iache ilipo. Bibi zetu walihesabu kwa mambo, si kwa kalenda. Wa kwangu alisema Malkia wa Uingereza alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls, alikwenda kutazama huku amembeba baba yangu, hajaota jino. Hiyo ni Aprili 1954. Baba alikuwa mtoto wake wa pili, basi nikajua bibi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nanyi waulizeni wakubwa: kiwanda cha saruji kilipoanza hapo Tororo, alikuwa kigoli au ameshaolewa? Usiku wa Uhuru, 1962, alikuwa na watoto wangapi? Wahindi walipofukuzwa 1972, mama yako alikuwa darasa la ngapi? Mtapata umri wake, na mtapata mengine msiyoyatafuta.

Siku yenyewe, anza na jambo moja alilolifanya, ulitaje kama lilivyokuwa. Neno "mkarimu" liache, watalisema wenyewe.

Na sauti ikikukatika katikati, mwanangu, nyamaza tu. Shehe atavuta Fatiha, kisha utaendelea.