Hiyo Mashua Si Yangu

Mjomba, salamu. Shangazi, pole na goti. Na nyinyi wengine wa Donholm mliosambaza ile picha yangu nikiwa na helmeti juu ya maji, mkaandika kwamba kijana wetu amenunua spidiboti majuu, leo nawajibu wote kwa mpigo. Simu zenu zimenichosha.

Hiyo mashua si yangu. Ni ya fundi mmoja wa mabomba hapa Southampton, Uingereza, na hata yeye injini aliinunua ikiwa imetumika. Ni ya kujazwa upepo, urefu wa mita nne hivi, injini moja ya nyuma ya nguvu farasi 50. Wanaziita ThunderCat, na mchezo wenyewe wa kuzishindanisha mbio ulizaliwa Afrika Kusini, si huku. Matajiri mnaowafikiria wapo, ng'ambo ya maji kule Cowes, kwenye kisiwa cha Wight, ambako mbio za boti za kwenda mji wa Torquay zilianza mwaka wa 1961. Sisi tunawaona wakipita.

Mnaokwenda Naivasha kutazama Safari Rally mtaelewa upesi: kuna dereva na kuna msaidizi. Mimi ni msaidizi. Ila mwenzangu wa Safari amekaa kwenye kiti akisoma karatasi. Mimi niko mbele kabisa, nimeshikilia mikanda. Tukikata kona najitupa upande wa kona kwa mwili mzima. Upepo ukiingia chini na kutaka kuinyanyua mashua, nasogea mbele kuikandamiza. Mwili huu mnaoucheka ndio nauli yangu. Mbio zikiisha nasukuma trela, nasafisha injini kwa maji ya bomba ili chumvi isiile. Zawadi ni kikombe cha kuweka dirishani.

Sasa pesa. Shangazi, ulisema ada ya watoto inazama baharini. Ninachotoa ni mchango wa petroli, ada za mashindano, na suti ya mpira iliyopasuka gotini, niliyoinunua kwa mtu aliyeacha mchezo. Pesa ya nyumbani hutoka siku ile ile ya mshahara, kabla sijanunua mkate. Ujumbe wa M-Pesa mnao, uangalieni. Kinachobaki ni changu, na sitaki tena kukitolea hesabu. Mtu anayekesha akiwageuza wazee kitandani na kuwabadilisha nepi, huku mmoja wao akimtukana rangi yake na kesho hakumbuki, ana haki ya Jumapili yake.

Lakini kama mnatafuta sababu ya kunikasirikia, mmeikosa. (Mama msimsomee hapa.) Didier Pironi, aliyeendesha Ferrari kwenye Formula 1, alifia karibu na kisiwa cha Wight mwaka wa 1987, mashua yake ilipogonga wimbi na kupinduka. Kisiwa hicho nakiona kutoka pale tunaposhushia mashua. Na mimi sihitaji hata kufa. Mgongo ukiharibika siwezi kumwinua mzee. Nisipomwinua, kazi haitadumu. Na kibali changu cha kukaa huku kimefungwa kwa mwajiri. Ukiachishwa, kwa kawaida unabaki na siku 60 kupata mwajiri mwingine wa kukudhamini, au ufunge virago. Hapo ndipo ada inaweza kuzama, Shangazi. Si kwenye petroli.

Nayajua yote hayo na Jumapili bado naenda. Mashua ikishainuka ikawa inagusa maji kidogo tu, sikumbuki nadaiwa na nani. Mama mwambieni hivi: dereva hujifunga kamba mguuni, akirushwa nje inachomoka na injini inazima yenyewe, propela isije ikamrudia mtu. Hiyo ni kweli kabisa, na inatosha.

Na wewe mdogo wangu unayeniandikia usiku wa manane nikutafutie njia ya kuja kushindana: usije. Mlango nilioingilia umefungwa. Tangu Julai 2025 Uingereza haileti tena walezi wapya kutoka nje. Anayekuambia hapo mjini kwamba ana nafasi za ulezi na anataka laki kadhaa ni mwizi, hata kama ofisi yake ina lifti. Ukija kwa viza ya mwanafunzi, huruhusiwi kufanya kazi ya mwanamichezo wa kulipwa, wala kufundisha michezo. Baki. Jifunze ufundi wa injini za boti, uende Homa Bay au Mombasa, huko wavuvi hawakosi injini iliyokataa kuwaka.

Ila ukishupaa ukaja, uje unajua kuogelea. Sisi tulikua tukijua maji ya ndoo. Wazee wanakumbuka mashua za tanga pale Nairobi Dam. Leo ni magugu na taka, hata bata anafikiria mara mbili. Nenda Kasarani ujifunze. Niambie wanatoza ngapi, nitalipa mimi. Usiwaambie hawa.

Mchango wa harusi, Mjomba, ni elfu ishirini kama nilivyosema, na utaingia kwa nambari ya Shangazi mwisho wa mwezi. Hamsini sina. Na aliyemwambia mwenye nyumba wetu wa zamani kwamba nimetajirika arudi akamweleze vizuri, maana mzee wa watu amenitumia nambari ya akaunti.