Mimi safari yangu ni Ayalandi, na naanzia Portrush

Mhariri, salamu. Swali lenu la wiki lilisema: "Ukipata nafasi ya kufunga safari moja tu kwa ajili ya mchezo unaoupenda, utaenda wapi na kwa nini?" Najua wengi watajibu Anfield ama Old Trafford na sina ugomvi nao, lakini mimi ni mtu wa gofu na jibu langu ni Ayalandi, na hii si ndoto tu manake mimi na wenzangu ninaocheza nao hapa Mombasa tushaanza kupanga, grupu ya WhatsApp iko na kila mwisho wa mwezi kila mtu anatoa chake.

Watu wananiuliza mbona usiende Scotland kwenye asili ya mchezo. Jibu ni kwamba mimi nafuata wachezaji kwanza, uwanja baadaye. Ayalandi ukijumlisha kusini na kaskazini ni watu milioni 7 na kidogo, lakini kati ya 2007 na 2025 wamebeba mataji 11 ya yale mashindano makubwa manne ya gofu (Masters, US Open, The Open na PGA): Harrington matatu, McIlroy matano, McDowell, Clarke na Lowry moja moja. Na ukifuatilia habari zao utaona kabla ya taji mara nyingi kuna pigo ambalo lingemtoa mtu mwingine kwenye mchezo kabisa, wao wanarudi. Hilo ndilo linalonivuta.

Anayenigusa zaidi sio hata McIlroy, ni marehemu Christy O'Connor Junior, na wazee wa gofu Kenya wanamjua vizuri kwa sababu alishinda Kenya Open 1990. Alikuja Nairobi miezi michache tu baada ya ule mkwaju wake wa 1989 pale Belfry, Uingereza, kwenye Ryder Cup (Ulaya dhidi ya Marekani), shimo la 18, anapambana na Mmarekani Fred Couples, akapiga fimbo ya chuma namba 2 kutoka mbali kule juu ya maji mpira ukatua karibu kabisa na shimo. (Hakuwa hata Muayalandi wa kwanza kushinda kwetu, Eamonn Darcy alishatangulia 1982.) Sasa sikilizeni. 1998 mtoto wake wa kiume, kijana wa miaka 17, akafa kwenye ajali ya gari. Mzazi yeyote anajua hapo hakuna la kusema. Mwaka uliofuata, 1999, huyu baba akashinda Senior British Open (The Open ya wakongwe), na 2000 akashinda tena. Na viwanja ni vipi? Royal Portrush na Royal County Down, nyumbani kwao kisiwani, vyote viwili vya kaskazini. Ndio maana kwenye ratiba yetu hivyo viwili vinakuja mbele, hata kama ni vya bei na hata kama itabidi tukate kitu kingine.

Portrush yenyewe ina mambo mengi, nataka kukaa siku mbili tatu pale. Mashindano ya The Open yalichezwa hapo 1951 halafu hayakurudi mpaka 2019, miaka 68, na karibu miaka 30 kati ya hiyo ni machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini, mabomu na mauaji, nani angepeleka mashindano ya dunia pale? Lakini muda wote huo gofu kisiwa kizima kiliendelea kuwa na chama kimoja, Wakatoliki na Waprotestanti, kusini na kaskazini, jezi moja. Sasa yaliporudi 2019 mtoto wa kaskazini McIlroy, ambaye akiwa na miaka 16 alishamaliza mashimo 18 ya uwanja huohuo kwa mikwaju 61 (kwenye gofu mikwaju michache ndiyo bora), akasimama shimo la kwanza mbele ya watu wake wote, mpira wa kwanza ukatoka nje ya mpaka, akamaliza shimo kwa mikwaju 8. Siku hiyo akapiga 79. Mtu angesema naumwa mgongo nikajificha, lakini kesho yake alirudi akapiga 65 na akakosa kufuzu kucheza wikendi (baada ya siku mbili wenye mikwaju mingi wanatolewa) kwa mkwaju mmoja tu. Mmoja! Mimi ile 65 naiheshimu kuliko mataji yake kadhaa, kwa sababu hakuna kombe alilokuwa anaweza kulipata tena, alikuwa anapigana tu basi.

Na wikendi ileile Shane Lowry akachukua kombe kwa tofauti ya mikwaju 6, mvua na upepo siku ya mwisho mpaka miavuli inageuka. Huyu Lowry 2016 aliingia siku ya mwisho ya US Open pale Oakmont anaongoza kwa mikwaju 4, akaipoteza. 2018 kwenye The Open pale Carnoustie akashindwa kufuzu wikendi na mwenyewe amesema alikaa kwenye gari yake parking akalia. Mwaka mmoja baadaye ndiyo Portrush. Na 2025 kwenye Ryder Cup kule New York, Wamarekani wanamzomea siku tatu, ni yeye tena aliyetia ule mpira wa shimo la 18 uliohakikisha kombe linabaki Ulaya. Nilikuwa naangalia usiku na wallahi nilisimama.

Darren Clarke nitamtaja haraka lakini sio kwa sababu ni mdogo. Agosti 2006 mkewe Heather alifariki kwa saratani ya matiti. Wiki sita baadaye Ryder Cup ikawa inachezwa K Club, Kildare, kwao, akakubali kucheza, akacheza mechi tatu, akashinda zote tatu. Miaka mitano baadaye, umri 42, watu wameshamsahau, akashinda The Open. K Club tutapita siku ya kurudi Dublin, hata tusipocheza nataka kuiona ile ti ya kwanza (pale pa kuanzia kupiga) aliposimama watu wakimshangilia huku wanalia.

Sasa mimi nimejiuliza sana hii roho wanaitoa wapi na nadhani sehemu kubwa ni ardhi yao yenyewe. Viwanja vyao vikubwa ni linksi, yaani mchangani kando ya bahari, hakuna miti ya kukukinga, matuta ya mchanga, majani marefu, upepo kutoka Atlantiki, na ardhi ngumu yenye mabonde madogo ambayo unapiga mkwaju mzuri kabisa mpira unadunda pembeni unaishia bankani, kwenye mtego wa mchanga, bila kosa lako. Mtoto anayekulia hapo anazoea mapema kwamba mambo mazuri yanaweza kuharibika na bado shimo linalofuata linamsubiri. Sisi tunaocheza karibu na bahari hapa Mombasa tunapata harufu yake kidogo, kusi ikishika mwezi wa saba fimbo uliyotumia asubuhi jioni haikufikishi popote, lakini yao ni kusi pamoja na mvua na baridi, na wanatembea kwa miguu mashimo yote 18 bila kigari. Sisemi kila Muayalandi ni shujaa, ila mazingira yanamfundisha mtu.

Ndio maana Aprili 2025 nilipomuona McIlroy pale Augusta kwenye Masters sikuzima TV. Shimo la kwanza kapoteza mikwaju miwili, shimo la 13 mpira majini kwa mkwaju mfupi ambao hata sisi tungeutaka, la 18 kakosa mpira wa karibu wa kushindia, wakaenda shimo la ziada na Justin Rose, na hapo ndipo akapiga mkwaju safi kuliko yote. Miaka karibu 11 bila taji kubwa, na lile la Augusta lilimtoka 2011 akiwa anaongoza kwa mikwaju 4 siku ya mwisho akapiga 80. Akawa mtu wa sita kukusanya yale mataji makubwa yote manne.

Haya, mipango, kwa anayetaka kufanya kama sisi. Kitu cha kwanza na wengi hawakijui: mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza mbili, moja ya Ayalandi, nyingine ya Uingereza kwa sababu Portrush na County Down ziko Ayalandi ya Kaskazini. Barabarani hakuna kizuizi, unaona tu alama za mwendo zimebadilika toka kilomita kwenda maili na pesa toka euro kwenda pauni, lakini usivuke bila viza. Ndege ya moja kwa moja hakuna, unapitia London, Amsterdam ama Dubai. Gari wanaendesha kushoto kama sisi, hiyo raha. Mwezi tumechagua wa sita, jua linazama karibu saa nne usiku, mwenye miguu anacheza raundi mbili kwa siku. Viwanja vikubwa unabuku mapema sana, hata mwaka mzima, na uwe na cheti cha hendikepu (kinachoonyesha kiwango chako cha uchezaji). Bei, jamani, Portrush na County Down ni zaidi ya pauni 300 kila mtu kwa raundi, kwa hiyo hivyo tunacheza mara moja moja halafu siku zinazobaki tunaenda vya jirani, Portstewart na Castlerock, bahari ileile na upepo uleule.

Toka kaskazini tunashuka magharibi mpaka Lahinch, kule kwenye shimo la 5, la Dell, ambapo grini (eneo lenye shimo lenyewe) imefichwa nyuma ya matuta unalenga jiwe jeupe juu ya kilima, na kule mbuzi wa uwanjani wakisogea karibu na klabu watu wanajua mvua inakuja. Kisha Ballybunion, ambako mkono wa kulia wa shimo la kwanza kuna makaburi. Kati ya hivyo viwili unavuka mto Shannon kwa feri toka Killimer hadi Tarbert, dakika 20 hivi, na sisi watu wa Likoni kwa feri hatuhitaji kufundishwa.

Tulichobakisha kuamua ni kama tuchukue kedi (mbeba fimbo) kila siku ama Portrush tu. Mimi kura yangu ni kedi Portrush na County Down, mzee wa pale pale, manake nataka kumuuliza kama alikuwepo 1999 na 2000 Christy anapita. Wenzangu wanasema pesa. Kama kuna msomaji wenu ashacheza huko na anajua bei za kedi zilivyo siku hizi, tafadhali amwandikie mhariri, tutashukuru sana.